Salio Si Hela

Haya ni maneno niliyoyasema Desemba, kwenye mkutano wa kufunga mwaka wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Moshi. Wengi mlikuwa bado njiani mnapanda kutoka Dar na Dodoma, mkakosa. Mmeniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleykum. Vijana, hamjambo?

Mnanifahamu. Miaka 27 nimekaa kaunta ya benki, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ni hapa hapa mjini. Nimehesabu hela za mahari, za kahawa, za rambirambi. Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote siyo hela. Ni uso wa mtu anayeambiwa hela aliyodhani anayo, hana. Hapigi kelele. Anaangalia karatasi, anakuangalia wewe, anaiangalia karatasi tena, kama vile namba zitabadilika akizikazia macho. Halafu anauliza kwa sauti ndogo: "Lakini si niliiona?"

Ndiyo, uliiona. Kuiona ndiko kulikokuponza.

Nimekuja na sentensi moja, na naomba mtoke nayo hapa hata kama mtasahau mengine yote. Mtu akikupa hela, halafu akakuagiza umtumie sehemu ya hela hiyo, hajakupa kitu. Amekukopa. Tuseme pamoja? Hajakupa kitu. Amekukopa. Asanteni.

Dada yangu wa tumbo moja yupo hapa, amekaa na akina mama wa upande ule. Ana kijana wake anasoma Marekani. Kwa mila zetu huyo ni mwanangu, ananiita mama mkubwa. Wote wawili wameniruhusu nisimulie, na dada yangu amesema, "Simulia yote, usipunguze."

Yule kijana alikuwa anatafuta kazi ya saa chache, kama wanafunzi wote. Siku moja akapokea bahasha, bahasha ya kweli ya karatasi, imeletwa mlangoni. Ndani kuna barua na hundi, ile karatasi ya kuiagiza benki ilipe hela. Barua inasema: hongera, umechaguliwa kuwa mteja wa siri. Kazi yako ni kwenda kwenye maduka kama mnunuzi wa kawaida, kuangalia unavyohudumiwa, na kutuandikia. Hundi ni ya dola 2,450. Iweke kwenye akaunti yako. Dola 350 ni ujira wako wa wiki ya kwanza. Dola 100 nunua chochote, uone keshia anakusemesha vipi. Dola 2,000 zilizobaki nenda duka kubwa, nunua kadi za zawadi, zikwangue nyuma, piga picha namba zake, ututumie. Kazi ikamilike ndani ya saa 48.

Kwa wasiozijua, kadi za zawadi ni kama vocha zetu za simu. Unalipa, unakwangua, namba zinatokea. Sasa niambieni: vocha ukishaikwangua ukamsomea mtu namba zake kwenye simu, ile karatasi iliyobaki mkononi ina thamani gani?

Haina. Na huwezi kwenda dukani kusema nirudishieni.

Kijana hakuwa mjinga. Naomba mnielewe hapo, maana nimesikia watu wakisema "aliyetapeliwa alitaka mwenyewe." Alisoma ile hundi. Alinitumia picha yake baadaye na mimi, na miaka yangu yote ya kaunta, niliikuza picha nikaikagua. Jina la benki ni la benki iliyopo kweli. Anwani ni yake kweli. Karatasi ina michirizi ya usalama, saini imekaa mahali pake. Kitu kimoja tu kilikuwa si cha benki: namba ya simu iliyochapwa chini. Ukiipiga, anapokea tapeli mwenyewe, kwa sauti ya upole, anakuthibitishia kwamba hundi ni halali. Kwa hiyo, siku yoyote mkiwa na wasiwasi na karatasi ya benki, msipige namba iliyo kwenye karatasi hiyo. Tafuteni namba ya benki kwa njia yenu wenyewe, au nendeni tawini kwa miguu.

Kijana akaweka hundi. Kesho yake akafungua simu: hela ipo. Mama, hela ipo! Salio limepanda. Akajisemea, kama ingekuwa feki benki isingeipokea. Akanunua kadi, akakwangua, akatuma picha. Akalipa na sehemu ya kodi ya chumba kwa ule ujira wake. Siku ya tisa benki ikamwandikia kwamba hundi imerudi, ni ya kughushi, na dola 2,450 zote zimeondolewa kwenye akaunti. Akabaki na deni la karibu dola 2,000. Kwa hela yetu, kama milioni tano.

Hapa ndipo wengi wananiuliza: benki ilikosaje kuona? Nikae kidogo hapa, maana ndipo siri ya utapeli huu ilipo.

Kule Marekani, Bunge lao lilitunga sheria mwaka 1987. Benki zilikuwa zinakaa na hundi za watu muda mrefu, na wananchi wakalalamika. Sheria ikasema benki isimcheleweshee mteja hela yake. Kwa aina fulani za hundi, hasa zile zinazoandikwa na benki yenyewe, hela inatakiwa ipatikane kwenye akaunti siku ya kazi inayofuata. Ni sheria nzuri, ilimlinda mnyonge. Lakini kuipatia hela nafasi kwenye akaunti ni jambo moja, na kugundua kama hundi ni ya kweli ni jambo jingine, na hilo la pili linaweza kuchukua wiki. Katikati ya hayo mawili kuna mwanya. Tapeli anaishi kwenye mwanya huo. Ndiyo maana anakuwekea saa 48. Hana haraka ya kazi. Ana haraka ya kukumaliza kabla hundi haijarudi.

Na hundi ikirudi, inamrudia nani? Inamrudia aliyeiweka. Ile hela uliyoiona ilikuwa ni benki imekutangulizia kwa kukuamini. Kwa hiyo dola 2,000 alizotuma kijana zilikuwa za nani? Zilikuwa zake. Alimkopesha mtu asiyemjua jina wala sura. Hajapewa kitu. Amekopwa.

Zamani kidogo, kabla ya mtindo wa kadi, walikuwa wanawaagiza watu "wakague huduma" ya kutuma hela: nenda Western Union au MoneyGram, tuma dola kadhaa kwa jina hili, halafu tuandikie foleni ilikuwaje. Watu wakatuma kweli, na wakaandika ripoti nzuri kabisa za foleni. Mwaka 2017 Western Union walikubali mbele ya serikali ya Marekani kwamba baadhi ya mawakala wao walisaidia matapeli na kampuni haikuwazuia, wakakubali kulipa dola milioni 586. Nawatajia hilo kwa sababu wengi wenu mnapokea hela za watoto kwa njia hizo hizo na mnadhani kampuni ikiwa kubwa, basi kila kinachopita ndani yake ni salama.

Sasa mtaniuliza, je, kazi ya mteja wa siri haipo kabisa? Ipo. Hoteli zinaitumia, benki zinaitumia, vituo vya mafuta vinaitumia. Hata sisi benki tulikuwa tunaletewa mtu anajifanya mteja, baadaye tunasomewa jinsi tulivyomjibu. Lakini hiyo ya kweli unanunua kitu kidogo, unaandika ripoti, halafu ndipo unarudishiwa ulichotumia na kupewa ujira, na ujira wenyewe ni mdogo. Hulipi kujiandikisha. Hakuna anayekutumia mamilioni kabla hajakujua. Nani hapa anampa kibarua wa kupalilia mshahara wa mwezi mzima kabla hajashika jembe, tena anampa na hela ya kumpelekea mtu mwingine?

Lakini kilichonikereketa zaidi ni lile neno "siri".

Wameliweka kwa akili. Mteja wa siri. Barua ilimwambia: usimwambie keshia, usimwambie msimamizi, ukiulizwa kadi ni za nani sema ni za ndugu zako. Na kijana akaona sawa, maana kazi yenyewe si ni ya siri? Keshia wa lile duka alimuuliza. Dada wa watu alisimama, akamtazama, akamwambia, "Kaka, kuna mtu amekutuma ununue hizi?" Kijana akasema hapana, ni za harusi. Yule keshia ndiye alikuwa mlango wa mwisho, na kijana akaufunga kwa mkono wake, akidhani anafanya kazi vizuri.

Wazazi, mwajiri gani anamtaka mtoto wako amdanganye mtu anayejaribu kumsaidia? Siri ya mkaguzi wa kweli ni baina yake na wahudumu wa duka lile. Haikuhusu wewe na benki yako. Haikuhusu wewe na mke wako. Haikuhusu wewe na mama yako. Ukiambiwa benki wakikuuliza hela ni ya nini usiwaambie, basi funga mazungumzo hapo hapo. Hakuna cha kusubiri.

Mtasema, mama, hayo ni ya Marekani, sisi hundi tunaziona wapi? Haya, turudi nyumbani.

Kulikuwa na mama wa mitumba pale Kiboriloni. Alikuwa ananunua marobota kwa jumla, anauza kwa wenzake. Mteja kutoka mkoa mwingine akamwagiza mzigo wa shilingi 3,600,000. Akamwambia, mama, nimekuwekea hela benki, nimezidisha bahati mbaya, nimeweka 4,800,000, naomba hiyo 1,200,000 iliyozidi unirudishie kwenye simu, na mzigo mpe dereva. Akamletea na picha ya slipu ya benki. Ina mhuri. Ina saini. Ina jina lake na namba ya akaunti yake, hakuna herufi iliyokosewa.

Namshukuru Mungu yule mama alikuja kaunta kwanza, na slipu kwenye simu, jasho linamtoka, maana dereva alikuwa anapiga honi huko nje ya soko. Nikamwambia, mama, ikuze hiyo picha. Unaona hapa juu kuna visanduku viwili? Kimoja kimeandikwa fedha taslimu, kingine hundi. Tiki iko wapi? Akaitazama. Tiki ilikuwa kwenye hundi. Ule mhuri ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa unasema tumepokea karatasi, haukusema tumepokea hela. Nikamwomba asubiri. Hundi ikarudi: akaunti iliyoandikiwa haikuwa na kitu. Dereva alishaondoka zake na gari tupu. Yule mama asingekuja kwanza, angekuwa amepoteza mzigo, na bado angetoa milioni moja na laki mbili taslimu za kwake mwenyewe, akidhani anarudisha chenji.

Chenji! Fikirieni. Uaminifu wake ndio uliokuwa chambo. Mtu asiye mwaminifu angekaa kimya na ile iliyozidi.

Vijana wa utalii, na hapa mko wengi, hili ni lenu pia, Moshi na Arusha. Inakuja barua pepe: kundi la watu wanane, kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku saba, hawaombi punguzo, hawaulizi hata kama mahema yanavuja. Wanataka kulipa zaidi ya bei, ile ya ziada umtumie "wakala" wao wa tiketi za ndege, maana ati yeye hapokei kadi ya benki. Ukilipwa kwa kadi iliyoibwa, mwenye kadi atalalamika kwa benki yake na hela itachukuliwa kwako, wiki kadhaa baadaye. Wakala ameshakula. Mteja wa kweli anamlipa wakala wake mwenyewe.

Na ule wa simu, huo hata watoto wanaujua. Ujumbe unaingia: umepokea shilingi 85,000 kutoka kwa fulani. Dakika hiyo hiyo simu inalia, sauti ya mama anayelia, hela ya hospitali, nimekosea namba moja, nirudishie mwanangu. Ukiangalia vizuri ujumbe umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Usijibu chochote mpaka ufungue menyu yako mwenyewe na kutazama salio. Na hata kama hela imeingia kweli, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, wairudishe wao. Hujamnyima. Umemwelekeza kwenye njia yake.

Je, mmeona ni jambo lile lile? Hundi, slipu, kadi, ujumbe. Kila mara unaonyeshwa hela, kisha unaombwa utoe hela. Hajakupa kitu...

Asanteni. Amekukopa.

Nakuja kwenye lile linaloniuma.

Kijana wetu alikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Alikula mlo mmoja kwa siku. Mama yake akipiga simu anasema yuko maktaba. Alipokuja kusema, aliniambia mimi kwanza, akaniomba nisimwambie mama yake, nami nikakataa, tukampigia wote wawili. Dada yangu alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Umekula leo?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

Halafu akauza ng'ombe wake wa maziwa. Na wanakikundi, ule mkopo wa dharura aliochukua hapa, mkamuuliza wa nini akasema ni ada, haukuwa wa ada. Ulikuwa wa hundi hii. Amenituma niwaombe radhi kwa hilo. Lakini mimi nawauliza ninyi na mimi mwenyewe: kwa nini aliona heri kutudanganya kuliko kutueleza? Tungemcheka? Tungesema mtoto wa fulani kapeleka ushamba Marekani? Tungesema. Tunajijua. Mwaka 2009 DECI, ule upatu wa kupanda hela kama mbegu ili uvune nyingi, ilipozimwa, watu wa mji huu walipoteza hela za shamba na za kiinua mgongo, na mpaka leo kuna nyumba mume hajui mke alipanda mbegu ngapi.

Mficha uchi hazai. Tapeli anaitegemea aibu hiyo kama anavyoutegemea ule mwanya wa benki. Kama kijana angesema siku ya kwanza, kabla hajaiweka ile hundi, asingepoteza hata senti. Hata angesema saa chache baada ya kutuma, kampuni iliyotoa kadi ingeweza kupigiwa, na mara nyingine huwa wanawahi kuzizuia kama hazijatumika. Wiki tatu baadaye hakuna aliyeweza kufanya lolote.

Na kuna jambo baya kuliko kupoteza hela. Ukikubali hela isiyo yako ipite kwenye akaunti au laini yako kwenda kwa mtu usiyemjua, siku polisi wakiifuata, watafika kwako. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kujieleza kwamba ulikuwa mteja wa siri utajielezea kituoni. Pigeni *106# leo hii muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu cha NIDA. Mkikuta usiyoijua, nendeni kwa mtandao huo mkaifute. Na ujumbe wa kitapeli ukiingia, namba ya kuripoti ni 15040.

Nina ombi kwa mwenyekiti, na naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kuanzia Januari, kila Jumamosi kabla hatujafungua sanduku, tutenge dakika kumi. Mtu yeyote aliyepata ujumbe, barua, kazi ya mtandaoni, hundi, mchumba wa ng'ambo anayetaka kutuma mzigo, aje nao. Auseme mbele yetu kabla hajatoa shilingi. Na atakayecheka, tumtoze faini kama ya kuchelewa. Mnaonaje? Mikono juu. Nimeona. Katibu, umeona?

Asubuhi, kabla hatujaanza, kuna mama mmoja alinivuta pembeni akanionyesha simu yake. Ujumbe unasema binti yake amepata kazi ya kukagua huduma za mawakala wa hela hapa mjini, atatumiwa laki tatu, abaki na elfu hamsini, nyingine azungushe kama atakavyoelekezwa. Binti ana furaha, ameshawaambia marafiki zake. Mama aliniuliza taratibu, "Hii ni nzuri au ni mbaya?"

Mama, usione haya. Njoo mbele na hiyo simu, na binti aje, akae hapa karibu yangu. Mpisheni apite. Tuusome pamoja, mstari kwa mstari, halafu tuipeleke hiyo namba 15040 wote tukiona.